Pedali ya Gitaa Inayotosha Kiganjani
Mazungumzo ya mkufunzi wa elektroniki na vijana wa ufundi

Pedali hii ya kukwaruza sauti ya gitaa ina urefu wa milimita 92 na upana wa 38. Vipuri vyake havina miguu ya kupenya bodi. Vinalehemiwa juu yake. Mnaotengeneza simu mmeshazoea kazi hii. Anayeanza achukue saizi 1206, yaani milimita 3.2 kwa 1.6. Ndogo zaidi hupotea ukipiga chafya.

Rezista huandikwa: 103 ni omu 10,000. Kapasita ndogo ya kauri, kwa kawaida, haina alama yoyote. Kwa hivyo usifungue pakiti ya pili kabla hujamaliza ya kwanza. Zikichanganyika, utazipima moja moja kwa mita. Lehemu ncha moja, inyooshe kwa kibano, ndipo ulehemu ya pili.

Kuhusu umeme, tafadhali sikilizeni. Pedali nyingi hutumia volti 9, na hasi huwa katikati ya plagi. Adapta nyingi za vifaa vingine zina chanya katikati. Mteja atachomeka yoyote aliyo nayo nyumbani. Bila dayodi ya kinga penye plagi, saketi yaweza kuungua siku hiyo hiyo, naye atakuja kudai pesa zake kwako.