Macho ya Mikumi, Nauli ya Ulaya



Simama Mikumi pale njia ya Kilosa inapoachana na barabara kuu iendayo Iringa, kisha tazama kuta. Duka la kwanza jekundu lote, rangi ya kampuni ya simu. La pili bluu, kampuni nyingine ya simu. La tatu limechorwa chupa ya soda kutoka msingi hadi bati. Mwenye duka hakununua rangi ile. Walikuja vijana wa kampuni na ndoo na brashi, wakaomba ukuta, wakapaka, wakaenda zao. Ukuta ukang'aa na mwenye duka akafurahi. Kampuni nayo ikapata tangazo linalosomwa na abiria wa kila basi la Mbeya, la Songea na la Tunduma, kwa gharama ya rangi tu. Mwendesha bodaboda aliyepaki mbele ya duka amevaa jaketi la kuakisi mwanga lenye jina la kampuni mgongoni. Alipewa siku moja, na atalitangaza jina hilo mpaka lipauke.

Nimeanzia ukutani kwa sababu jioni ya leo nataka kuzungumzia wazo ninaloliunga mkono kwa moyo wote: magari ya abiria ya Kilosa na Mikumi yabebe matangazo ya wadhamini, na fedha zake zichangie gharama za safari. Naliunga mkono, ila kwa masharti, na sharti la kwanza tunajifunza kwa yule mwenye duka. Alikuwa na kitu cha thamani, akakitoa bila kuuliza bei.

Kwanza tuelewane tatizo lilipo. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi ni kilometa zinazokaribia 80, unapita kata za Masanze, Zombo na Ulaya. Mtu wa Mikumi akitaka ofisi za wilaya, njia yake ni hiyo. Mtu wa Zombo mwenye mgonjwa, njia yake ni hiyo. Na sasa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ina stesheni Kilosa. Treni inaondoka kwa saa yake. Gari la kukufikisha kwenye treni linaondoka likijaa.

Tusimlaumu dereva. Anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na hesabu haijui kama leo ni siku ya gulio au siku ya mvua. Akiondoka na viti kumi vitupu, viti hivyo anavilipia yeye. Kwa hiyo anasubiri, mpiga debe anaita, na mama mwenye mtoto mgongoni anakaa ndani ya gari lililozimwa, jua linapanda. Nimewahi kukaa hivyo asubuhi nzima. Nilipofika nilikokuwa nakwenda, ofisi ilikuwa inafungwa.

Kuna mwanafunzi pia. Kwenye daladala za mjini nauli yake imewekwa kuwa shilingi 200. Ni jambo jema kabisa, lakini pengo kati ya 200 na nauli ya mtu mzima halina anayelijaza. Linabaki kwa dereva na konda, ndiyo maana konda akiona sare za shule anatazama pembeni. Tunamwita katili, ilhali sisi ndio tuliotoa punguzo kutoka mfukoni mwake.

Bonde hili la Kilosa linajua kwamba abiria peke yake hajawahi kuilipia safari yote. Reli ya Kati ilifika Kilosa enzi za Wajerumani, na mkonge wa Kimamba na Rudewa ukawa miongoni mwa mizigo yake. Tawi la kwenda Mikumi na Kidatu, lililokamilika miaka ya 1960, lilifuata sukari ya Kilombero. Mzigo ulilipa, abiria akadandia mgongoni mwa mzigo. Mzigo ulipohamia kwenye malori, treni ikakosa wa kuibeba, na abiria akabaki stesheni.

Leo tuna mzigo mwingine, nao ni macho ya watu. Kampuni zinayanunua macho kila siku. Ligi Kuu yetu ya soka ilibeba jina la kampuni ya simu kwa miaka mingi, na sasa inabeba jina la benki. Hapa hapa mkoani Morogoro, Mtibwa Sugar walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 wakautwaa tena mwaka 2000, na kila aliyetaja timu alitaja kiwanda. Hakuna aliyeona aibu. Timu ilipata mahitaji yake na kiwanda kikapata jina.

Mwaka 1964, katika mji wa Lyon, Ufaransa (hiyo ndiyo Ulaya nyingine, si Ulaya yetu), alitokea mfanyabiashara aitwaye Jean-Claude Decaux. Biashara yake ya mabango ya barabarani ilikuwa imebanwa na kodi. Akaiendea halmashauri ya mji: nitawajengea vibanda vya kusubiria basi, nitavitunza mwenyewe, hamtatoa hata senti, nipeni nafasi ya matangazo ukutani. Mpango huo ukasambaa dunia nzima. Naupenda kwa neno moja: kuvitunza. Hakujenga akaondoka.

Mwaka 2009 mamlaka ya usafiri ya New York nayo ilikubali kulipachika jina la benki ya Barclays kwenye kituo kimoja cha treni, kwa dola 200,000 kila mwaka, kwa miaka 20. Huko walitaja bei na walitaja muda. Hata hivyo fedha hizo haziendeshi treni za New York hata kwa siku moja, na anayewaambia watu wa Kilosa kwamba matangazo yatalipia usafiri wote anawapotosha. Matangazo hujaza pengo dogo. Kwa hiyo tuchague pengo lenyewe kwa uangalifu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Tangazo hufuata macho mengi. Ukimwachia mdhamini achague, atachagua gari la barabara kuu, atachagua stendi ya Mikumi, atachagua stesheni ya SGR. Gari la Ulaya, Zombo na Masanze hataligusa, kwa kuwa linaonwa na wachache. Tukiacha kila gari litafute mdhamini wake, njia yenye abiria itaneemeka na njia yenye shida itabaki na shida yake.

Pendekezo langu ni kuyauza macho ya Mikumi kwa bei yake halisi, na fedha zipelekwe kwenye njia ya Ulaya. Halmashauri ikae na wenye magari na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wapange safari mbili ambazo ni lazima ziondoke kwa saa: moja alfajiri kuiwahi treni na ofisi, moja alasiri kuwarudisha wanafunzi. Tuseme ile ya alasiri hupungukiwa nauli za watu kumi. Nauli kumi hizo, mara siku za mwezi, ndiyo bei ya chini ya mdhamini. Ajipake kwenye magari yote ya barabara kuu akipenda, ila analipia viti vya Zombo. Wenye magari ya barabara kuu nao wapate fungu lao, maana ubavu wa gari ni wao.

Rangi ya njia na jina la njia visifunikwe, mzee asiyeona vizuri anatambua gari kwa hivyo. Pombe na kubeti visipande gari la wanafunzi, hata vikileta fedha mara mbili. Sura ya mgombea isipande kabisa. Mkataba uwe wa mwaka mmoja, na mdhamini akiacha kulipa, rangi yake ifutwe wiki hiyo hiyo.

Fedha zenyewe ziwe na akaunti yake. Kila mwezi karatasi ibandikwe stendi ya Kilosa na stendi ya Mikumi: zimeingia ngapi, zimelipia safari ngapi, safari zipi hazikuondoka.

Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka. Namwomba diwani wa Ulaya, na wa Zombo, na wa Masanze, wasimame kikao kijacho waulize: pale Mikumi kuna kuta ngapi zilizopakwa rangi za kampuni, na mabango mangapi? Matangazo hayo yanalipiwa shilingi ngapi kwa mwaka? Wakishajibiwa, waulize pia gari la alasiri la kwenda Zombo linapungukiwa shilingi ngapi, kisha waziweke hesabu hizo mbili kwenye karatasi moja.