Kiti cha Mwenye Helmeti
(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kazi yangu serikalini ni kukagua magari, na nimeambiwa kwamba wengi wenu mlioko madarasani mna hamu ya mbio. Si ajabu. Nchi hii imekuwa na Safari Rally tangu 1953, Joginder Singh aliishinda mara tatu, na tangu iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 kila kijana anajiona yuko Naivasha. Lakini mkikutana mnazungumza injini tu. Leo nataka tuzungumze kiti.

Kiti cha gari la kawaida kimetengenezewa kichwa kitupu. Ukivaa helmeti, unene wake unagonga egemeo la kichwa, shingo inasukumwa mbele na kidevu kinainama kifuani. Baada ya nusu saa shingo inauma. Hapo fundi wa mtaani hukushauri ung'oe egemeo. Usikubali! Ukigongwa kwa nyuma, kichwa kitapinda juu ya ukingo wa kiti, tena kikiwa kimeongezewa uzito wa kilo moja na nusu hivi.

Ushauri wa pili ni sponji ya godoro. Inapendeza kuikalia gari likiwa limesimama. Gari likigonga, sponji inabonyea, mkanda unalegea, na mwili unaanza kuteleza chini ya mkanda. Isitoshe, inakuinua, na kwenye barabara ya murram helmeti inapiga paa kila shimo. Dawa ni kushusha kiti, si kukijaza. Pengo la kiunoni lizibwe kwa pedi nyembamba iliyo ngumu, basi.

Kiti cha mbio chenyewe ni ganda linalokumbatia mbavu na mapaja, lina matundu ya mikanda ya mabega, na vingine vina mabawa pande mbili za kichwa. Mabawa hayo huzuia helmeti isiyumbe gari likigongwa ubavuni, ingawa yanapunguza kuona kando, hasa kwenye makutano. Mimi ningeyachagua hata hivyo.

Bado kuna shingo. Mikanda inashika mabega. Kichwa na helmeti vinaendelea na safari. Kwa ajili hiyo Profesa Robert Hubbard wa Marekani, katika miaka ya 1980, alibuni kola ya HANS, inayokaa mabegani chini ya mikanda na kushika helmeti kwa kamba mbili fupi. Formula One iliilazimisha mwaka 2003. Haifanyi kazi kwa mkanda wa kawaida wa gari la nyumbani, kwa hiyo msinunue kola kabla ya mikanda.

Neno moja kwa wazee wenye magari ya mbio wanayoyaendesha sokoni Jumamosi: vile vyuma vya kizimba vilivyo karibu na kichwa vilikusudiwa mtu mwenye helmeti. Kichwa kitupu havikihurumii.

Kabla ya kufunga boliti hata moja, kaeni kitini mmevaa helmeti, mikanda imekazwa, mguu ukanyage klachi mpaka mwisho, kisha mgeuze kichwa kulia na kushoto. Nimeleta kiti kimoja, kiko karakana, pamoja na helmeti mbili. Baada ya chakula, wafupi waanze.