Sifa Nazo Zina Deni: Mpiga Kura Mbele ya Kampeni za Kusifu na za Kushambulia



Nimeombwa nizungumzie namna mpiga kura anavyoyapokea matangazo ya kampeni, yale yanayomsifu mgombea na yale yanayomshambulia mpinzani wake. Kwetu matangazo hayo yako kwenye khanga na fulana, kwenye mabango, kwenye nyimbo za gari la matangazo, na siku hizi kwenye video zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp. Kila msimu wa uchaguzi husikika rai ileile: wagombea waache kusemana, wanadi sera. Rai hiyo ina nia njema, lakini haitoshi. Mpiga kura hadhuriki mgombea anapokosolewa. Hudhurika anapopewa maneno asiyoweza kuyapima, yawe matamu au machungu.

Tuanze na historia yetu. Katika uchaguzi wa wabunge wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine nyumba. Walihutubia mikutano ileile kwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Masharti hayo yalibana mengi, lakini yalikuwa na faida moja kubwa: aliyemsema mwenzake alimsema huku mwenzake amekaa palepale jukwaani, naye akapewa zamu ya kujibu mbele ya watu walewale. Wananchi walisikia pande zote mbili, wakaamua. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoteza kiti chake.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vilirudi katika jamii yenye hofu kwamba kupingana hadharani ni kuvunja amani. Hofu hiyo bado tunayo. Ndiyo maana mgombea anayeshambulia huonekana mkorofi kabla hoja yake haijasikilizwa.

Sasa tazameni kilichotokea baadaye. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi. La Waziri Mkuu Edward Lowassa lilikuwemo. Februari 2008, baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Lowassa alijiuzulu, huku akikana kutenda kosa. Julai 2015 alijiunga na CHADEMA, akawa mgombea wake wa urais, na Dk. Slaa akajiweka kando. Chama kilichomtuhumu kikawa kinamnadi. Chama tawala kilichomlea kikawa kinamsema. Katika kampeni hizohizo ulivuma uvumi juu ya afya yake. Mpinzani wake, John Magufuli, alipanda jukwaani, akaweka viganja chini, akapiga pushapu, umati ukashangilia. Hakumtaja mtu, lakini kila mtu alielewa. Magufuli alipata asilimia 58.46 ya kura, Lowassa 39.97.

Linganisheni mambo hayo mawili. Suala la Richmond lilikuwa na mkataba, ripoti na mjadala wa Bunge. Mwananchi aliweza kuuliza, na mtuhumiwa aliweza kujibu. Pushapu zilichangamsha mkutano, lakini hazikumwambia mkulima lolote kuhusu maji, zahanati au bei ya zabibu. Tendo lililoonekana la furaha lilibeba shambulio lisilojibika.

Watafiti wa Marekani nao wamelihangaikia suala hili. Mwaka 1994 Stephen Ansolabehere, Shanto Iyengar na wenzao walionyesha kwa majaribio kwamba matangazo ya kushambulia hupunguza nia ya kupiga kura. Mwaka 2007 Richard Lau na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja. Hawakupata ushahidi kwamba mashambulizi huleta ushindi wala kwamba huwafukuza wapiga kura, ingawa hukumbukwa zaidi na hupunguza kidogo imani kwa serikali. John Geer, mwaka 2006, aliongeza jambo linalotugusa zaidi: matangazo ya kushambulia aliyoyachambua yalibeba hoja na ushahidi zaidi kuliko ya kusifu.

Hilo halihalalishi kila shambulio. Mwaka 2017, katika nchi iliyozika watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007, Wakenya walirushiwa mtandaoni video iliyoonyesha nchi yao ikisambaratika endapo Raila Odinga angeshinda. Shirika la Privacy International lilifuatilia kampeni hiyo hadi kwa kampuni ya Harris Media ya Texas. Hofu ilitumwa kwenye simu za watu, na mtumaji hakujitaja.

Lakini nasi wa Dodoma tunajua uzito wa maneno matamu. Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa ndani ya miaka 10. Serikali ilikuja kutangaza kuhamia rasmi Julai 2016, karibu miaka 43 baadaye. Aliyeuliza njiani kwa nini tunachelewa hakuwa adui wa Dodoma. Alikuwa akidai deni letu. Hapa Zuzu pana kituo cha kupozea umeme wa gridi ya Taifa. Mgombea akisema umeme umefika, jibu halipo kwenye bango. Lipo kwa mwananchi anayejua nguzo ya mwisho imesimama mtaa gani.

Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zinakataza matusi na kashfa, na ni sahihi. Ila Oktoba 2020 mgombea urais wa CHADEMA, Tundu Lissu, alisimamishwa kampeni kwa siku saba kwa sababu ya kauli zake, na Aprili 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba CHADEMA, ambacho hakikusaini kanuni hizo, hakitashiriki uchaguzi wa mwaka huo. Msimamo wangu ni huu: mkosoaji akiondolewa uwanjani, sifa za aliyebaki hazina wa kuzihakiki, na anayepunjwa ni mpiga kura.

Kwa hiyo naviomba vyama virudishe jukwaa la pamoja katika kila kata, aliyesemwa ajibu papo hapo. Na kila tangazo litaje aliyelilipia. Nanyi ndugu zangu wa Zuzu, anayesifu na anayeshambulia muulizeni mamoja: wapi, lini, kwa fedha ipi, na nani shahidi? Asiyejibu, msimpe kura.