Saruji Iliyoganda: Maneno ya Kamati ya Ujenzi kwa Wanakate



Tumepewa dakika chache tuzungumze kabla bahasha hazijaanza kupita. Mnategemea tuanze kwa kuwashukuru, na kweli tunawashukuru. Ila tumekubaliana kwenye kamati kwamba mwaka huu tutangulize jambo la aibu kidogo, maana tusipolisema sisi mtalisikia njiani, na likifika huko litakuwa limeongezewa chumvi.

Mnakumbuka lori la saruji. Picha yake mliiona kwenye simu zenu, lori limesimama, vijana wamebeba mifuko begani, na kila mtu akaandika hongera. Saruji ile ilikuwa ya lenta na sakafu ya vyumba viwili vya madarasa katika shule moja ya nyumbani. Lakini lenta haifungwi bila nondo, na nondo zilikuwa hazijanunuliwa. Mchanga nao ulikuwa bado uko mtoni. Mifuko ikapangwa stoo, juu ya udongo, imeegemea ukuta. Mvua za Ufipa mnazijua, zikishaanza Novemba haziulizi mtu. Nondo zilipofika, mifuko 19 ilikuwa mawe. Miwili kati ya hiyo sasa ni ngazi ya kupandia mlango wa stoo, na ukienda kusalimia utaikanyaga.

Tulipokaa kulijadili, kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu. Mwenye stoo, fundi, mwenye lori. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kazini kwake wamefundishwa mambo haya, akatuomba tuache kuuliza nani, tuulize kwa nini, na tukijibu tuulize tena.

Kwa nini saruji iliganda? Kwa sababu ilikaa stoo miezi. Kwa nini ilikaa? Kwa sababu ilifika kabla ya nondo na mchanga. Kwa nini ilifika kabla? Kwa sababu fedha ya harambee ilipopatikana tulikimbilia kununua kitu kikubwa mara moja. Kwa nini tulikimbia? Hapo pakawa kimya. Kisha mzee mmoja akasema: tulikimbia kwa sababu watu wa mjini hawaamini mpaka waone lori. Na kwa nini hawaamini? Kwa sababu hatujawahi kuwaonyesha kitu kingine chochote zaidi ya lori.

Ndugu zetu, tulianza na mwenye stoo tukaishia kwetu wenyewe. Ninyi mlitaka picha, na sisi tulitaka kuwapendeza.

Njia hii ya kuuliza kwa nini mara tano hatukuitunga sisi. Inajulikana sana kutokana na Taiichi Ohno, mtu wa kiwanda cha magari cha Toyota kule Japani. Magari yao tunayafahamu, ndiyo yanayotupeleka Sumbawanga na kutufikisha Namanyere. Wengi hudhani Wajapani walifika pale kwa sababu ya utajiri. Haikuwa hivyo. Baada ya vita kuu ya pili nchi yao ilikuwa hoi, na mwaka 1950 kampuni ile ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, mkuu wake akajiuzulu. Hawakuwa na fedha ya kujaza maghala vyuma vya kusubiri. Ikabidi kila kipuri kifike pale kinapohitajika, wakati kinapohitajika, kwa idadi inayohitajika. Umaskini ndio uliowafundisha. Kwa Ohno, mali iliyolala ghalani ilikuwa upotevu, sawa na kifaa kilichoharibika. Mtu anayesimama kusubiri naye aliuhesabu hivyo hivyo, na hata safari ya kubeba kitu huku na huko bila sababu.

Kuna jambo moja la kiwanda kile ambalo limetugusa zaidi. Juu ya mstari wa kazi imepita kamba. Mfanyakazi yeyote, hata wa chini kabisa, akiona kasoro anaivuta. Msimamizi anakuja hapo hapo, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari mzima unasimama. Asili ya wazo hilo ni mashine za kufuma nguo za mzee Sakichi Toyoda, zilizojisimamisha zenyewe uzi ukikatika, ili zisiendelee kufuma nguo mbovu.

Sasa rudini kwenye stoo yetu. Fundi alijua saruji inaganda. Mwenye stoo alijua, maana alikuwa akiipapasa kila asubuhi. Hata watoto waliocheza pale walijua. Waliokuwa hawajui ni sisi wenye fedha. Hapakuwa na kamba. Fundi angempigia nani? Na angempigia mmoja wetu, huenda tungemwambia asituharibie harambee.

Msije mkadhani haya ni mambo ya viwandani tu. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, ambayo wagonjwa wetu wengi wa Rukwa wamepelekwa, ilianza kazi hii mwaka 2007, ikiwa hospitali ya mfano kwa nchi nzima, chini ya Wizara ya Afya na kwa msaada wa Wajapani wa JICA. Somo lilipitia Sri Lanka, kwenye hospitali ya akina mama ya Castle Street mjini Colombo, ambayo nayo si hospitali ya nchi tajiri. Wakatafuta maneno ya Kiswahili matano yanayoanza na S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani, toa visivyotumika, kila kitu kipe mahali pake, safisha na ukague, wekeni utaratibu mmoja ambao kila zamu inaufuata, kisha msiuache. Baadaye hospitali nyingine za rufaa na za mikoa zikafuata. Ukiingia stoo ya dawa iliyopangwa hivyo, rafu zina majina, na dawa inayokaribia kuisha muda imewekwa mbele itoke kwanza. Muuguzi haulizi glavu ziko wapi. Anayefaidi ni mgonjwa aliyeko kwenye foleni, ingawa hatajua kamwe kwa nini foleni imesogea.

Neno gumu kati ya hayo matano ni la mwisho. Kusafisha stoo siku mgeni anakuja, sote tunaweza.

Tuseme pia ukweli kwamba yapo maeneo ambako bosi akisikia habari za kupunguza upotevu, anaanza kwa kupunguza watu. Hiyo ni tafsiri mbaya. Mtu ukimfukuza kwa sababu ameonyesha njia fupi, hakuna mwingine atakayekuonyesha ya pili.

Na kwetu jambo hili si geni. Wazee wetu waliokuwa wakilima ntumba hawakufundishwa na mtaalamu wa nje. Mvua zinapokaribia kuisha, nyasi zinakatwa na kukusanywa, udongo unageuzwa juu yake kuwa kilima cha mviringo, nyasi zinaozea ndani, na juu unapanda maharage. Msimu unaofuata kile kilima kinabomolewa, mbolea inatawanywa, ulezi unamwagwa. Nyasi ambazo mwingine angezichoma moto, Mfipa aliziweka akiba ardhini. Hakuna aliyebuni haya yote siku moja. Ni watu walioangalia shamba lao mwaka hadi mwaka, wakabadilisha kidogo, wakaona, wakabadilisha tena. Wajapani wana jina la tabia hiyo, wanaiita kaizeni.

Kwa hiyo hata ninyi msiohusika na ujenzi mna pa kuanzia. Chukueni mahindi. Mkoa wetu unalisha wengi, lakini angalieni gunia linavyosafiri. Linafungwa mahindi yakiwa mabichi, linabebwa hadi kituo cha ununuzi, linapimwa, unyevu umepita asilimia 13.5 inayotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki. Linakataliwa. Linafunguliwa, linaanikwa pale pale juu ya turubai la kuazima, mwenye mzigo analala nje siku mbili tatu akilinda, halafu linafungwa upya. Kazi moja imefanyika mara mbili, na nauli na chakula vimetoka mfukoni mwa mkulima. Mwingine anakata tamaa na kumwuzia mchuuzi kwa bei ya mchuuzi.

Kumbe ungeweza kujua ukiwa nyumbani. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo hivi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isiponata, umekaribia, na hapo ndipo kipima unyevu kinafaa kumaliza ubishi. Kipimo kimoja kinaweza kutumiwa na kitongoji kizima. Chupa yenyewe ni ya bure.

Turudi kwenye boma letu. Baada ya saruji ile kuharibika, wapo kati yenu waliotuma ujumbe kwamba hawatachanga tena. Hatukuwajibu kwa maneno makali, kwa sababu walikuwa na haki. Kijana anayeendesha bodaboda huko mjini akikatwa fungu lake la wiki akalituma nyumbani, halafu likawa ngazi ya stoo, unamwambia nini? Wenzetu wachache wakaongeza, lenta ikafungwa. Leo kuta ziko tayari na juu ni wazi. Boma lisiloezekwa haliwezi kukaa mvua nyingi, hasa tofali zetu za kuchoma. Tukikosea safari hii pia, tutapoteza na kuta, na watoto wataendelea kubanana darasa moja.

Hivyo kamati imebadilisha mambo matatu, na tunaomba mtushike kwayo.

La kwanza, hatununui kitu ambacho kazi yake haijafika. Mbao za kenchi zitangulie. Kenchi zikishapandishwa na fundi mwingine akazikagua, ndipo mabati yalipiwe. Saruji ya sakafu itakuja ya mwisho, na itakuja kwa mafungu. Tunajua kununua kidogo kidogo kunaweza kuongeza gharama ya usafiri. Tumelipigia hesabu na bado ni nafuu kuliko mifuko 19.

La pili ni ubao mweusi, ule wa kawaida wa shule, uliotundikwa nje kwenye ofisi ya kijiji. Una safu nne: kilichofika, kilichotumika, kilichobaki, na kinachosubiriwa. Mwenye stoo anauandika kila Jumamosi na picha yake inakuja kwenye kundi letu jioni hiyo hiyo. Haitapendeza kama ya lori. Kuna wiki itaonyesha kwamba hakuna kilichofanyika, na tutaituma vilevile.

La tatu ni kamba. Fundi, mwenye stoo, mwalimu wa zamu, mama anayechota maji jirani na boma, yeyote akiona kitu kinaharibika anaweza kusema Jumapili baada ya misa, mbele ya wajumbe wawili wa kamati walioko nyumbani. Wajumbe hao wana ruhusa ya kusimamisha malipo yote mpaka jambo liangaliwe, bila kusubiri kibali chetu sisi wa mjini. Baadhi yetu hatukuipenda ruhusa hiyo. Tuliibishania vikao viwili, ikapita.

Na ninyi mkienda likizo, tafadhali msiishie sebuleni kwa wazee. Nendeni mpaka kwenye boma, mkasome ubao, mwulizeni fundi amekwama wapi.

Sasa bahasha zinaweza kupita. Jioni hii hatuchangii saruji. Tunachangia mbao za kenchi na misumari yake, kwa kipimo alichokitoa fundi mwenyewe kilichobandikwa pale mlangoni, na tukishazipata tutasimama hapo. Ubao umeshatundikwa. Kwenye safu ya kilichobaki, mstari wa kwanza, mwenye stoo ameandika: saruji, mifuko 19, mawe. Tulimwuliza kama aufute kabla ya harambee, naye akasema auache mpaka mbao zifike.