Nyasi ni Zao, na Ardhi ni Siasa: Niliyowaambia Vijana wa Chita

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha ndani cha vijana, kata ya Chita, Halmashauri ya Mlimba. Waliokosa nafasi waliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

 

Najua wengi mlitegemea nizungumzie tume ya uchaguzi. Leo nazungumzia nyasi. Msicheke, subirini kwanza.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hapa bondeni kwetu ni tofauti kidogo: watu wanapigana kwa sababu ya nyasi zenyewe. Mnakumbuka 2006 na 2007 wafugaji walivyoondolewa Usangu. Wengi walishuka huku na mifugo yao. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuwatoa bonde la Kilombero na Ulanga. Mwaka 2023 pori tengefu likapandishwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Mto wetu ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na huko chini kuna Bwawa la Nyerere. Kwa hiyo kila mwaka eneo la kuchungia linapungua, na hakuna atakayekuja kuliongeza. Mkulima wa mpunga anamlaumu mfugaji, mfugaji anamlaumu askari, na ng'ombe wala hajui mpaka uko wapi. Anajua njaa tu.

Sasa tupige hesabu. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hivi anahitaji kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku. Kiangazi chetu, kuanzia Juni mpaka Oktoba, ni siku 150. Zidisha: ni kama tani 1 kwa ng'ombe mmoja. Ekari 1 ya mabingobingo au brachiaria, ikipaliliwa na kuwekewa samadi, inaweza kukupa tani 5 za majani makavu kwa mwaka. Ekari moja, jamani! Ng'ombe wanne wanavuka kiangazi bila kukanyaga jaruba la mtu.

Na hiyo brachiaria msidhani ni mambo ya kizungu. Asili yake ni Afrika, na mashariki mwa Afrika ndiko zilikochukuliwa nyingi. Zikapelekwa Amerika Kusini, Brazil wakafunika nazo mamilioni ya hekta, na Colombia wakazichanganya wakapata chotara kama Mulato II. Leo mbegu zake zinarudi kwetu kwenye pakiti, kwa bei. Bahati nzuri zinapandwa pia kwa vipando. Jirani akiwa na shina moja, kijiji kizima kinaweza kupata.

Mtaniuliza: kamanda, Chita hii ya mpunga, nani ataacha mpunga apande majani? Usiache. Jarubani maji yanatuama, Mulato haipendi huko. Panda ardhi ya juu, nyuma ya nyumba, pembezoni mwa shamba, pale ambapo mpunga haukubali. Na yale mabua ya mpunga tunayoyachoma baada ya mavuno, acheni kuyachoma. Peke yake ni chakula dhaifu, protini yake ni kama asilimia 4, wakati tumbo la ng'ombe linataka angalau 7 ili lifanye kazi vizuri. Lakini ukichanganya na majani mabichi yaliyokatwa yakiwa machanga, ukaongeza pumba za mashineni, ng'ombe anakula anashiba. Mabingobingo mpe mabichi, maana shina lake nene halikauki vizuri. Brachiaria kata mvua zinapoisha, anika, funga marobota, weka kwenye banda lisilovuja.

Sasa niwaambie yaliyonikuta mimi, maana sikuja hapa kuhubiri kitu nisichokijaribu.

Nilikodi nusu ekari. Kodi shilingi 60,000 kwa mwaka. Kulima, vibarua wa kupanda na palizi, 150,000. Jumla 210,000. Nilipanda Desemba, nikaanza kukata Aprili. Kiangazi kile ng'ombe wangu mmoja aliyekuwa ananyonyesha alinipa lita 1 zaidi kila siku kuliko mwaka wa nyuma. Lita 150, nikauza kwa 1,500. Hiyo ni 225,000. Toa 210,000. Nilibaki na elfu kumi na tano. Mwaka mzima wa jasho, elfu kumi na tano!

Lakini angalieni mwaka wa pili. Nyasi ipo ardhini tayari, silimi tena, sipandi tena. Ningelipa kodi 60,000 na palizi 30,000, nibaki na 135,000. Mwaka wa tatu vivyo hivyo, na wa nne. Faida ya nyasi inaanza mwaka wa pili.

Huo mwaka wa pili sikuupata. Novemba mwenye shamba alipita, akaona kijani kimesimama, akasema anataka shamba lake. Simlaumu sana, hatukuandikiana kitu. Yeye sasa ndiye anayekata.

Makamanda, hapo ndipo siasa inapoingia. Bwana shamba anaweza kutufundisha kupanda mpaka achoke. Kijana anayekodi kwa msimu hatapanda zao la miaka minne, na hatakuwa mjinga kwa kukataa. Ndiyo maana nasema tudai mambo matatu.

Kwanza, serikali za vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya 1999, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ni ya 2010. Zipo. Tuhudhurie mikutano mikuu ya vijiji, tuulize: eneo la malisho la kijiji liko wapi kwenye ramani? Vijana tupewe hatimiliki za kimila, na mikataba ya kukodi iandikwe kwa miaka isiyopungua 4.

Pili, ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana. Mkopo wa malisho usidaiwe marejesho kabla nyasi haijakatwa. Na halmashauri iwe na kitalu cha vipando, siyo semina.

Tatu, bajeti. Mwaka 2023/24 Wizara ya Kilimo iliomba zaidi ya bilioni 900. Mifugo na uvuvi, kwa pamoja, hawakufika bilioni 300. Halafu tunajisifu kwa wingi wa ng'ombe.

Tusisubiri tukishika dola. Kabla ya mvua kuanza, kila tawi litafute robo ekari yenye mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa na uongozi wa kijiji. Wenye vipando tugawane. Na tuwaite vijana wa kifugaji, tukae nao meza moja. Wao wana ng'ombe na samadi, sisi tuna mabua na pumba. Anayetaka kura zetu atukute tumeshakaa pamoja.

Mimi nimeshapata nusu ekari nyingine. Safari hii karatasi ninayo mfukoni.