Jukwaa la Kusimamia Katika Mtumbwi wa Mbao

Leo nasema na wenzetu wanaolima huku wanavua kando ya Ziwa Victoria. Mtu akirusha kimia amesimama juu ya kibao cha kukalia, akiteleza tu, mtumbwi unaweza kupinduka.

Basi tutengeneze jukwaa dogo kule omo. Kwanza, pima upana kwa kamba. Pili, chukua vibao vikavu, vyepesi, uvipigilie juu ya mihimili miwili itakayolala juu ya mataruma. Msumari usiguse ubao wa mtumbwi: tundu moja laingiza maji. Acha nafasi ya kidole kati ya kibao na kibao. Jukwaa lifungwe kwa kamba kwenye mataruma lisihame, ila liweze kuondolewa mnapofua maji.

Zaidi ya yote, likae chini kabisa. Kwa nini? Uzito ukipanda juu, mtumbwi huyumba zaidi.

Kabla ya kwenda kilindini, lijaribuni kwenye maji ya kiunoni. Mmoja asimame, mwingine akae. Mkiona unayumba sana, lishusheni. Na jaketi la kujiokoa, ndugu zangu, livaliwe, lisikaliwe. Kwaherini.