Kumsomesha Binti Aliye Mbali

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za msaada utolewao kwa hisani, ili wasichana na wanawake wakaao mbali wapate kusoma. Hatutauliza kama yafaa msichana asome au haifai. Swali hilo limekwisha jibiwa, na waliolijibu ni wazee wetu wenyewe, kila walipouza mbuzi au debe la mahindi ili binti yao apate sare. Swali lililobaki ni jingine, nalo ni gumu zaidi: mwenye moyo wa kutoa atoeje, ili alichokitoa kimfikishe binti mwisho wa masomo yake, wala kisimwache katikati ya njia?

Wako watakaosema, “Msaada wa nini tena, na ada imekwisha ondolewa?” Maneno yao yana ukweli. Uganda ilianza kufuta ada ya shule za msingi mwaka wa 1997, Tanzania ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kenya mwaka wa 2003. Tena Tanzania, tangu mwaka wa 2016, iliondoa ada katika shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka wa 2022 ikaendelea mpaka kidato cha sita. Haya ni mambo makubwa, na mamilioni ya watoto wameingia shuleni kwa sababu yake. Walakini ada ni fungu moja tu la mzigo. Ukiliondoa hilo, yabaki sare na viatu, madaftari na kalamu, chakula cha mchana, vitambaa vya hedhi, sabuni, mafuta ya taa, nauli, na mahali pa kulala. Mambo haya hayamjii mzazi kwa pamoja akayapangia siku moja. Huja moja moja, mwaka mzima, na lo lote kati yake laweza kumrudisha mtoto nyumbani. Binti asiye na kitambaa cha hedhi hukaa nyumbani siku kadha kila mwezi. Akirudi, mwalimu wa hesabu amekwisha pita mbele, naye abaki akitazama ubao asielewe. Baada ya mihula miwili mitatu ya namna hiyo, watu husema, “Yule hana akili.” Kumbe akili anazo, alichokosa ni kitambaa.

Lakini katika yote, gumu kuliko yote ni umbali. Katika Tanzania, tangu mwaka wa 2004, serikali na wananchi walishika kazi ya kujenga shule za sekondari katika kata, na shule zikaongezeka upesi kuliko wakati wo wote uliotangulia. Nyingi kati yake ni shule za kutwa, na kata moja yaweza kuwa na vijiji vilivyotawanyika sana. Mtoto wa kijiji cha mwisho huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, apite porini, avuke mto, na wakati wa masika mto hujaa hata asivuke. Basi wazazi wake, kwa nia njema kabisa, humpangia chumba karibu na shule.

Hapo, wasikilizaji wetu, twaomba mtege sikio vizuri. Mfikirini mtoto wa miaka kumi na minne, akaaye peke yake au pamoja na wenzake wawili katika chumba cha udongo, mlango wake ni kipande cha bati, hana mama wala shangazi karibu. Jumapili ameleta unga wa wiki mbili. Siku ya kumi unga umekwisha. Ndipo atokeapo mtu wa kumkopesha sabuni dukani, na mwingine wa kumpakia kwenye pikipiki asichelewe shule, na mwingine wa kumnunulia chakula. Mwanzo yote huitwa huruma. Baadaye deni hudaiwa, na mtoto hana fedha ya kulilipa. Si mara chache binti anayelaumiwa kijijini kwa mimba alianza safari yake ya kupotea kwa njaa tu.

Tumeyasema haya kwa sababu yatuonyesha siri ya jambo letu. Msichana maskini hakosi watu wa kumpa kitu. Akosacho ni kupewa bila kudaiwa. Kwa hivi msaada wa kweli hautoki mkono wa mtu mmoja kuingia mkono wa mtoto gizani. Hutolewa hadharani, mbele ya watu wengi, hata asiwepo mmoja wa kusema, “Binti huyu ni wangu, maana mimi ndiye niliyemsomesha.”

Tuchukue mfano wa nchi ya Zimbabwe. Upande wa kaskazini wa nchi hiyo, karibu na ziwa la Kariba, kuna mahali paitwapo Mola. Jina hilo lisiwatatize, ni jina la mahali tu. Wakaao huko ni Watonga, ambao wazee wao walikaa kando ya mto Zambezi wakilima mashamba ya ukingoni. Boma la Kariba lilipojengwa katika miaka ya 1950, maji yalijaa bondeni, na Watonga wapatao 57,000, wa ng’ambo zote mbili za mto, walihamishwa wakaenda kwenye nchi kavu isiyo na rutuba. Mwaka wa 1991 bibi mmoja Mwingereza, Ann Cotton, alifika Mola kuchungua kwa nini wasichana walikuwa wachache katika shule ya sekondari. Kabla hajaenda alikuwa ameambiwa kwamba sababu ni mila: ati wazazi hawataki binti asome. Alipoketi na wazazi wenyewe na kuwauliza, alisikia neno jingine. Walitaka sana mabinti zao wasome, lakini fedha haikutosha watoto wote. Na ilipotosha mmoja tu, walimpeleka mvulana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na tumaini zaidi la kupata kazi ya mshahara. Huko huko alikutana na ndugu wawili wasichana waliokuwa wametembea yapata kilometa 100 kuja shule ya Mola, kwa sababu ada yake ilikuwa nafuu kuliko ya kwao.

Bibi Cotton aliporudi Uingereza alianza kwa kuuza keki sokoni katika mji wa Cambridge, na kwa fedha iliyopatikana wakasomeshwa wasichana 32 wa kwanza. Mwaka wa 1993 likazaliwa shirika la CAMFED, ambalo baadaye lilienea Ghana, Zambia, Tanzania na Malawi. Twaona hapa jambo la kwanza la kujifunza: mwenye kutoa na aulize kwanza. Kama angaliamini aliyoambiwa, angalitumia fedha zake kuwahubiria wazazi juu ya faida ya elimu, nao wangalimsikiliza kwa adabu, kisha wangalirudi nyumbani na umaskini wao ule ule.

Jambo la pili ni kutoa kitu kizima. Kumnunulia mtoto sare mwezi wa Januari na kumsahau mwezi wa Machi ni kama kumjengea mtu nusu ya daraja. Wanaofanya kazi hii vizuri huhesabu mahitaji yote ya binti tangu aingie kidato cha kwanza mpaka amalize, tena huahidi kwa miaka yote. Heri kuwafikisha watano mwisho kuliko kuwaanzisha hamsini wakaishia njiani. Twajua kwamba neno hili si tamu kwa mtoaji, maana apenda kuona watoto wengi wakipokea madaftari siku moja. Lakini mtihani haufanywi siku ya kugawa madaftari.

Jambo la tatu ni lile la hadharani. Yafaa kuwe na kamati ya watu wanaowajua watoto: mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji, viongozi wa dini, na akina mama, tena akina mama wasiwe wa kukaa mkekani tu na kuitikia. Kamati ndiyo ijuayo nyumba ipi baba amekufa, na ipi yajifanya maskini. Majina yapitishwe mbele ya watu, fedha ya shule iende shuleni kwa stakabadhi, na binti mwenyewe ajue apewacho ni nini, ili kikipunguka aweze kuuliza. Pale palipo na umbali, kamati hiyo hiyo yaweza kusimamia ujenzi wa hosteli na kumweka mama mlezi wa kufunga mlango usiku. Pengine hosteli ya vitanda ishirini yaokoa masomo ya watoto wengi kuliko mali nyingi iliyogawanywa mkono kwa mkono.

Wala msidhani kwamba msaada huu lazima utoke ng’ambo. Katika Kenya, huko Enoosaen katika nchi ya Wamasai, alikuwako msichana, Kakenya Ntaiya, aliyechumbiwa tangu utotoni kama ilivyokuwa desturi. Alifanya mapatano na baba yake: atakubali kukeketwa, ila aachwe aendelee na shule. Baadaye alipopata nafasi ya kusoma chuo huko Marekani, watu wa kijiji walichanga ili aweze kusafiri, naye akaahidi kurudi kuwatumikia. Alisoma hata akapata shahada ya udaktari katika elimu, akarudi, na mwaka wa 2009 akafungua shule ya wasichana yenye wanafunzi 30. Mzazi aliyemleta binti yake alitakiwa kukubali kwamba hatakeketwa wala kuozwa mapema. Mchango wa kijiji kimoja umezaa shule. Wazee walinena, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na jambo la nne: msaada usikome siku ya cheti. Binti aliyemaliza kidato cha nne hurudi kijijini, na kwa miezi mingi hana kazi wala shule. Hapo ndipo wengi huozwa. Wasichana waliosomeshwa na CAMFED waliliona jambo hilo, na mwaka wa 1998 wakaunda chama chao wenyewe, ambacho wanachama wake siku hizi wamezidi 200,000. Baadhi yao hurudi katika shule za kwao wakawaongoza wadogo zao katika masomo na katika mambo ya maisha. Kwa kazi hiyo ya kujitolea waweza kupewa mkopo wa kuanzisha biashara usio na riba ya fedha. Riba yake ni ule utumishi wao shuleni. Lipo deni hapa pia, lakini ni deni asiloweza mtu kulidai usiku. Hulipwa mchana, mbele ya darasa, kwa mtoto mwingine.

Hatupendi kumaliza pasipo kuwataja wale waliokwisha pitwa. Wako wanawake waliotolewa shuleni kwa mimba au kwa ndoa, nao hudhani mlango umefungwa kabisa. Tangu Novemba 2021, serikali ya Tanzania imeruhusu msichana aliyekatishwa masomo kwa ajili ya kujifungua arudi katika shule ya kawaida. Hali kadhalika iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka wa 1975, ambavyo vimepokea akina mama vijana pamoja na watoto wao wachanga. Ruhusa ipo, lakini mama huyo atamwachia nani mtoto, na nauli ataipata wapi? Hapo tena ndipo hisani iliposaza kazi ya kufanya.

Basi, wasikilizaji wetu, mtu afanye nini? Aliye na nyumba karibu na shule na awapokee mabinti wawili kwa ridhaa ya wazazi wao na kwa kuijulisha kamati, walale chini ya macho ya mama wa nyumba. Akina mama wenye upatu au kikoba na watenge fungu dogo la kila mwezi kwa vitambaa vya hedhi vya shule yao. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyetoka kijijini akapata mshahara mjini na amwandikie mwalimu mkuu wa shule aliyosoma, amwulize ni nini hasa kilichowarudisha wasichana nyumbani mwaka uliopita, kisha atoe kwa ajili ya hicho, wala si kwa ajili ya kile apendacho yeye. Na sote, tumwonapo mtu akimsaidia binti wa shule kwa siri, tusikae kimya tukisema si shauri letu.

Binti aliye mbali haombi kubebwa. Safari anaiweza, wengine waliitembea kilometa 100. Aomba tu asikutwe njiani na mtu wa kumdai. Tukiweza kumpa hilo, mengine atayafanya mwenyewe.